Mkadiriaji majenzi kwenye keki za ghorofa

Mteja wa keki Dar es Salaam huanza na swali moja: kilo shilingi ngapi? Ataliuliza hata akiwa ameshika simu yenye picha ya keki ya ghorofa nne, maua meupe yakiteremka ubavuni kutoka kileleni hadi kwenye bodi, na majina ya maharusi yamepakwa rangi ya dhahabu. Fundi akijaribu kueleza kwamba kazi hiyo haipimwi kwa kilo, mteja huona anazungushwa. Mbona yule wa Sinza anauza kilo kwa bei ya chini? Ua moja la sukari, lililokunjwa petali kwa petali kwa saa nzima, lina uzito wa gramu chache. Kwa hesabu ya mzani, saa hiyo haikuwepo.

Nimeanzia kwenye bei kwa sababu hapo ndipo ndoto nyingi za vijana wetu zinapokwama. Nao ni wengi. Pita Tabata, Kinondoni, Mbezi au Kigamboni, fungua kurasa za Instagram, utamkuta mhasibu anayeoka, mwanasheria anayeoka, muuguzi anayeoka baada ya kutoka zamu ya usiku. Kwa baadhi yao keki ni ya kuongezea mshahara. Wengine wamefika mahali pa kuamua: waliyosomea wayaweke kando, keki iwe ndiyo kazi. Na nyuma ya kila mmoja yupo mzazi anayeuliza kama ada zote zile zililipwa ili mtu aje kukoroga unga.

Swali hilo naliheshimu. Mzazi aliyeuza ng'ombe, au aliyekopa kwenye vikoba kila muhula ulipofunguliwa, ana haki ya kuliuliza. Ninachokipinga ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba anayehamia kwenye keki ameitupa elimu yake. Ninaowaona wakisimama imara katika kazi hii ni wale walioingia na elimu hiyo mpaka jikoni.

Binti wa kaka yangu alisomea ukadiriaji majenzi. Ni fani ya kujua gharama ya jengo kabla halijasimama: nondo ngapi, saruji mifuko mingapi, mafundi wangapi kwa siku ngapi. Jedwali lao wenyewe huliita BOQ, na mkandarasi asiyekuwa nalo hujikuta nyumba imeishia kwenye linta. Alimaliza chuo vizuri, akapata kazi kwenye kampuni ya ujenzi, akawa anashinda saiti na kofia ngumu kichwani. Keki alizianza wikendi, za siku ya kuzaliwa za watoto wa wafanyakazi wenzake. Ikaja keki ya kipaimara, ikaja ya mahafali, kisha mtu akamwagiza ya harusi. Siku alipoamua, alikuja kwangu kabla ya kwenda kwa baba yake, maana kwetu neno zito hupitia kwa shangazi.

"Shangazi, nataka kuacha kazi. Nataka keki ziwe kazi yangu."

"Baba yako umemwambia?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Tulikwenda wote Morogoro. Kaka yangu ni mwalimu mstaafu, mtu wa kusikiliza kwanza, na alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, keki kila mwanamke anapika. Nondo ni wangapi wanaojua kuzihesabu?"

Nimelitafakari sana neno lile, kwa sababu lina makosa mawili, na yote mawili ni yetu sote.

Duara na pima maji

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba keki ya ghorofa haina nondo. Ijumaa moja nilikaa kwenye jiko la binti huyu, chumba cha uani alichokitia vigae na kiyoyozi, nikimtazama akitayarisha keki ya send-off. Ghorofa zilikuwa nne: inchi 6, inchi 8, inchi 10 na inchi 12. Mtu asiyejua huona inchi 12 ni mara mbili ya inchi 6, hivyo huongeza unga, mayai na siagi mara mbili. Lakini eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo chake. Chombo cha inchi 12 kinakula mara nne ya kile cha inchi 6, ikiwa kina ni kilekile. Hata kutoka inchi 8 kwenda inchi 10, hatua inayoonekana ndogo kwa macho, ujazo unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Anayekadiria kwa jicho ndiye anayejikuta saa sita za usiku mayai yamekwisha na maduka yamefungwa. Binti alikuwa na karatasi ukutani, kila kipenyo na vipimo vyake, mpaka gramu za chumvi.

Halafu ikaja kazi ya kupandisha. Ghorofa ya keki haiketi juu ya keki. Keki ni laini, na ukiirundikia nyingine tatu juu yake itabonyea, krimu itatokea pembeni, na kilele kitaanza kulala. Kila ghorofa huwekwa kwanza juu ya bodi yake nyembamba. Ndani ya ghorofa iliyo chini yake huchomekwa nguzo, yaani vijiti vya mbao au mirija minene ya plastiki, nazo ndizo zinazobeba bodi. Uzito hupita kwenye nguzo mpaka kwenye bodi nene ya chini kabisa, na keki yenyewe haibebi kitu. Kisha fimbo moja ndefu hushushwa katikati, kutoka juu hadi chini, ili ghorofa zisiteleze gari linapokata kona.

Nguzo zote za ghorofa moja lazima zilingane urefu. Moja ikipungua milimita mbili, mzigo wake huhamia kwa jirani zake, bodi huinama upande wake, na keki huanza kuegemea polepole mbele ya wageni. Binti alikata, akapima kwa tepu, akasugua ncha kwa msasa, akazichomeka. Kisha akatoa pima maji ndogo, ileile ya waashi, akailaza juu ya bodi, akainama mpaka jicho likawa sawa na kiputo cha hewa. Akaigeuza upande wa pili, akainama tena. Nguzo moja aliichomoa, akaikata upya.

Nilimuuliza nani alimfundisha kutumia pima maji kwenye keki. Alinishangaa. "Shangazi, hili ni jengo."

Ghorofa mbili za chini zilifungwa nyumbani. Mbili za juu zilisafiri kwenye maboksi yao na kupandishwa ukumbini, kwa sababu kutoka Tabata mpaka ukumbi wa Mbezi kuna matuta, na hakuna fimbo ya kutosha kwa tuta linalorukwa na dereva mwenye haraka. Hilo nalo lilikuwa kwenye jedwali lake: gari lenye kiyoyozi, muda wa foleni, nusu saa ya kupandisha, na boksi la akiba lenye krimu, kisu na maua ya ziada.

Joto letu

Vitabu vingi vya kupamba keki vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Siagi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 32 hivi, na Dar es Salaam mwezi wa Februari mchana hufika hapohapo, pamoja na unyevu wa bahari. Krimu ya siagi iliyosimama vizuri kwenye video ya London itateremka ubavuni kwenye ukumbi wetu hata kabla maharusi hawajaingia. Ndiyo maana wapambaji wetu wengi wamekimbilia krimu ya mafuta ya mimea, ile ya kupiga mpaka ifure, kwa kuwa huvumilia joto zaidi. Wengine huchanganya siagi na mafuta magumu ili isimame.

Fondanti nayo, ile ngozi laini ya sukari inayofunika keki ikaonekana haina mshono, ina tabia yake. Hutengenezwa kwa aisingi shuga, glukosi, jelatini na gliserini, na sukari huvuta maji. Ukiiweka keki kwenye friji ya kawaida kisha ukaitoa kwenye hewa ya Dar, mvuke hugandia juu yake na keki hutoka jasho. Rangi huanza kutiririka, maua hulegea, nyeusi huacha alama kwenye nyeupe. Binti hufanya kazi ya fondanti usiku, kiyoyozi kikiwa kimewaka tangu magharibi, na feni ameielekeza mbali na meza. Umeme ukikatika, anasimamisha kazi na kufunika kila kitu. Baadaye alinunua jenereta ndogo ya mkono wa pili, na hajutii.

Hapa nitasema jambo ambalo wapambaji hawapendi kulisikia. Keki nyingi za harusi zetu zinavutia macho na ni kavu mdomoni. Sababu naielewa: keki huokwa Jumatano, hufunikwa Alhamisi, hupambwa Ijumaa, na huliwa Jumamosi saa nne za usiku kwa vipande vidogo vilivyochomwa vijiti. Lakini sababu si udhuru. Keki ya mafuta hubaki na unyevu zaidi kuliko ya siagi, kwa kuwa mafuta hayagandi kwenye joto la kawaida, na sirapu ya sukari ikipakwa kwenye kila tabaka keki itavumilia siku hizo. Mama mkwe akionja kipande kimoja tu usiku mzima, kipande hicho kiwe kitamu.

Kosa la pili la kaka yangu lilikuwa kwenye lile "kila mwanamke anapika". Si kweli. Bibi zetu wa Unguja, Tanga na Mombasa walikuwa wakioka mkate wa mayai kwa mayai, sukari, unga na iliki, bila hamira wala baking pauda. Kilichoufanya uumuke ni hewa tu, iliyoingizwa kwa mkono, mayai na sukari vikipigwa kwa mchapo mpaka viwe povu zito jeupe. Unga ulichanganywa taratibu ili povu lisife. Kisha sufuria iliwekwa juu ya moto mdogo na makaa juu ya mfuniko, moto juu na moto chini, na mpishi alijua kwa harufu ni wakati gani wa kupunguza makaa ya chini. Aliyeweza hivyo alijulikana mtaa mzima na kuitwa kwenye kila shughuli. Hakuna aliyesema kila mwanamke anaweza.

Waliotoka kwingine

Kaka yangu angependa kusikia habari za mwalimu mwenzake. Sylvia Weinstock alikuwa mwalimu wa shule huko New York. Kuoka kulikuwa jambo la nyumbani, la familia na wageni. Alipokaribia miaka 50 aliugua saratani ya matiti, na baada ya ugonjwa huo maisha yake yaligeuka: keki zikawa kazi. Mumewe Ben, aliyekuwa mwanasheria, naye hatimaye aliacha sheria akajiunga naye. Walifanya kazi kwenye jengo lao mtaa wa Tribeca, Manhattan, na kutoka hapo zikatoka keki za harusi zilizojulikana Marekani nzima, ikiwemo ya Whitney Houston mwaka 1992. Sifa yake kubwa ilikuwa maua ya sukari yaliyofanana na ya bustanini kiasi cha mtu kutaka kuyanusa. Fondanti hakuipenda. Alishikilia krimu ya siagi, kwa kuwa kwake keki ilikuwa chakula kwanza. Alifariki Novemba 2021 akiwa na miaka 91, na umri ule wa kuanza, karibu miaka 50, ndio ninaowatajia wanawake wanaoniambia wamechelewa.

Ron Ben-Israel alikuwa mcheza dansi wa jukwaani, mzaliwa wa Tel Aviv. Alicheza kwa miaka 15 hivi, mpaka mwili ulipokaribia kusema basi, kisha akahamia kwenye keki. Keki zake zilizopangwa kwenye dirisha la duka Manhattan zilionwa na Martha Stewart, mama wa mambo ya nyumbani anayefuatiliwa sana Marekani, na mwaka 1999 akafungua karakana yake mwenyewe. Mcheza dansi hurudia hatua moja tangu asubuhi mpaka jioni bila kulalamika, na yeyote aliyewahi kukunja petali za waridi la sukari, moja baada ya nyingine, atatambua ni nidhamu ileile.

Uingereza kuna Fiona Cairns, aliyekuwa mbunifu wa michoro. Alianzia kwenye jiko la nyumbani. Mwaka 2011 ndiye aliyetengeneza keki ya harusi ya Mwanamfalme William na Kate, ya ghorofa nane, yenye maua na majani ya sukari yapatayo 900. Edd Kimber alikuwa benki akifuatilia madeni kabla ya kushinda mwaka 2010 shindano la kwanza la waokaji wa nyumbani la televisheni ya BBC. Duff Goldman wa Baltimore alisoma historia chuo kikuu, na alipoanzisha karakana yake ya keki aliwaita marafiki zake wasanii, watu wa kuchora na kuchonga, wengi wao wakiwa hawajawahi kuoka. Alijua kuoka kunafundishika, lakini jicho la mchongaji ni la miaka.

Na tukirudi nyuma zaidi, baking pauda yenyewe, iliyobadilisha uokaji wa nyumbani, ni kazi ya mwanakemia wa Birmingham. Alfred Bird alikuwa na duka la dawa. Mkewe hakuweza kula mayai wala hamira, na mwaka 1843 Bird akachanganya unga wa kuumua usio na hamira ili mke naye ale mkate. Taaluma moja iliingia jikoni kwa sababu ya mapenzi, na hakuna anayesema Bird aliitupa kemia.

Jedwali la gharama

Sasa turudi kwenye pesa, kwa kuwa mapenzi ya kazi hayalipi kodi ya nyumba. Binti hakuacha ajira siku ile tulipotoka Morogoro. Kaka yangu alimpa sharti, na mimi nililiunga mkono: faida ya keki, si mauzo, ifikie mshahara wake kwa miezi sita mfululizo. Sharti hilo lilimlazimisha ajue faida yake ni ipi, jambo ambalo wapambaji wengi hawalijui. Wanahesabu unga, mayai, sukari na siagi, wanaongeza kidogo juu, wanaita hiyo bei. Muda wao hawauandiki popote.

Yeye aliandaa BOQ ya keki. Malighafi kwanza, mpaka tone la vanila. Kisha bodi, nguzo, boksi na utepe. Gesi na umeme, pamoja na saa za kiyoyozi. Usafiri. Uchakavu wa oveni na mashine ya kupigia. Kisha saa za kazi, zilizogawanywa kwa aina: za kuoka, za kufunika, za kupamba, za kupandisha ukumbini, na hata zile za kukaa na mteja kuchagua rangi. Alipoijaza kwa mara ya kwanza kwa keki zilizokwisha kuuzwa, aligundua kwamba keki yake nzuri kuliko zote, ile iliyosambaa mitandaoni na kumletea simu nyingi, ilimwingizia hasara. Keki za kawaida za ofisini, duara moja na maandishi juu, ndizo zilizokuwa zikilipia maua ya nyingine.

Hapo akabadilisha namna ya kuuza. Kilo ameiacha kwa keki za kawaida, maana mteja ameizoea na haina ubaya. Keki ya kubuniwa ina bei mbili: ya keki kwa idadi ya watu watakaokula, na ya ubunifu kwa saa. Mchoro huchorwa kwanza, hulipiwa, na nusu ya pesa hutangulizwa kabla hata yai moja halijavunjwa. Anayetaka ghorofa nyingi kwa pesa kidogo huambiwa wazi kwamba baadhi zitakuwa za povu gumu lililofunikwa fondanti, na keki ya kuliwa itakatwa nyuma.

Kamati za harusi ndizo shule ngumu. Mwenyekiti huja na daftari, ukumbi umekwisha kulipiwa, MC amelipwa, mapambo yamelipwa, na keki imebaki mwisho na pesa kidogo iliyosalia.

"Dada yangu, si keki tu hii? Tupunguzie."

"Naweza kupunguza ghorofa, kaka. Naweza kupunguza maua. Saa siwezi kuzipunguza."

Aliniambia jibu hilo alilipata saiti, kwa mhandisi mzee aliyekuwa akiwajibu wenye nyumba waliotaka jengo lilelile kwa saruji kidogo. Na katika shughuli zetu kazi ni kubwa kuliko picha inavyoonyesha. Mbali na ile kubwa ya kati, kuna keki ndogo za wazazi wa pande zote mbili, ambazo maharusi huzipeleka mezani wakipiga magoti huku MC akitangaza. Ikiwa ni harusi ya Wachaga kuna ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa anayeingia kwa ngoma na kuitwa keki ya asili, na mpambaji anapaswa kujua ataingia saa ngapi ili keki yake isikae kwenye taa za moto kwa saa mbili za bure.

Mambo ya sheria nayataja kwa kifupi, kwa kuwa yanachosha lakini yanafungua milango. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na jengo la kuzalishia chakula linatakiwa kusajiliwa huko. Namba ya mlipakodi, leseni ya biashara na kupima afya navyo ni vya lazima. Hoteli na ofisi kubwa hazinunui kwa asiye na karatasi. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, hutoa mafunzo ya usindikaji vyakula kwa wajasiriamali wadogo, na aliyeanza na video za mtandaoni atapata huko mtu wa kumwambia kwa nini keki yake hupasuka juu.

Maua ya kwetu

Kuna jambo moja ninaloona bado hatujalifanya, nalo ndilo linalonipa hamu zaidi. Tazama keki za harusi za Dar, Arusha, Mombasa au Nairobi: zimejaa peoni. Ni ua zuri sana, la nchi zenye majira ya baridi, na wengi wanaoliagiza hawajawahi kuliona likiwa hai. Siku hizi mtindo wa krimu iliyobanwa kwa mashada na mikunjo mizito umerudi kwa vijana. Asili yake ni Uingereza, na unaitwa kwa jina la Joseph Lambeth, aliyeuelezea kwenye kitabu chake cha mwaka 1934. Sina ugomvi nao. Lakini mtindo huo unafanana na mapambo ya majengo na samani za kwao. Sisi tuna pindo la kanga, lenye korosho na mistari, linalozunguka pande zote nne, tena kanga ina jina lake lililoandikwa tayari mahali panapofaa kuandikwa majina ya maharusi. Tuna milango ya Mji Mkongwe yenye nakshi za maua na minyororo. Tuna rangi za Edward Saidi Tingatinga. Tuna vinyago vya Wamakonde ambamo watu wamebebana mmoja juu ya mwingine mpaka juu, na sijui ni umbo gani lingefaa zaidi kwa keki ya ghorofa inayounganisha koo mbili.

Binti ameanza na kikuba, lile fungu dogo la maua ya kunukia ambalo wanawake wa pwani hulivaa kwenye shughuli: asumini, rehani, waridi, na mkilua. Bibi harusi mmoja wa Kizanzibari alimwagiza keki ya ghorofa tatu yenye vikuba ubavuni, na binti hakukuta kielelezo popote, si kwenye vitabu wala kwenye video. Alinunua maua halisi, akayafumua petali moja moja, akazilaza juu ya karatasi, akachora mzunguko wa kila moja, akakata vikatio vyake mwenyewe kwa bati la kopo. Asumini imetoka vizuri. Waridi alikuwa akilijua tangu zamani.

Mkilua ndio unaomsumbua. Petali zake ni nene na zimekunjamana, na udongo wa sukari ukiwa mzito hukauka nje kabla haujashika umbo ndani. Nilipopita kwake juzi alikuwa na trei nzima ya majaribio dirishani, kila moja na kijikaratasi chenye uwiano wake wa gundi na saa ya kukaushia, na rangi ilikuwa bado haijakaa: kijani kilizidi mchana, njano ikazidi taa zilipowashwa. Baba yake alikuwa amekuja kutoka Morogoro kwa miadi ya daktari. Alikuwa amevaa miwani, anamsomea vijikaratasi kimoja baada ya kingine, na binti anaandika kwenye jedwali.